Angani Pia Kuna Sheria: Somo kwa Vikundi Vinavyotaka Kununua Droni



Somo la leo ni la vikundi vyote, lakini hasa vile vilivyo na vijana. Mwenyekiti au katibu asome kila sehemu kwa sauti, kisha mjadiliane kidogo kabla ya kuendelea. Msikimbie. Somo hili linaweza kuchukua mikutano miwili, na hakuna ubaya.

Lengo la somo: Tukimaliza, kila mwanachama aweze kueleza mambo matatu. Kwanza, kwa nini kidude kidogo kinachoruka kwa rimoti kinahesabiwa kuwa ndege. Pili, sheria yake inashikwa namna gani na nani. Tatu, kikundi kifanye nini kabla ya kutoa hata shilingi moja.

SEHEMU YA 1: KWA NINI TUNAJIFUNZA HABARI HII

Siku hizi hapa Amalemba na vijiji vinavyotuzunguka, watu wamezoea kuona kamera ikiruka juu ya sherehe. Iko kwenye harusi, iko kwenye mazishi, iko kwenye harambee, iko hata kule Malinya siku mafahali wanapopigana. Vijana wetu wameona kwamba hapo pana kazi. Mpiga picha mwenye droni analipwa zaidi kuliko yule mwenye kamera ya mkononi. Basi wanakuja kwenye kikundi na kusema: "Tutoe pesa za mzunguko tununue moja, itajilipa yenyewe."

Wazo hilo si baya. Kikundi kinachokataa kila jambo jipya hakiendelei. Lakini jiulizeni: mkinunua ng'ombe wa maziwa, je, mnamnunua kabla ya kujua atakula wapi na daktari wake ni nani? Droni nayo ina malisho yake, na malisho hayo ni karatasi. Bila karatasi, pesa za akina mama waliokusanya mia mia kwa mwaka mzima zinaweza kuishia kwenye stoo ya forodha au kituo cha polisi siku ya kwanza. Na yule kijana aliyeshika rimoti anaweza kujikuta mbele ya hakimu.

SEHEMU YA 2: JE, KITU HIKI NI NDEGE KWELI?

Wengi husema, "Lakini hiyo ni toi tu." Hapa ndipo watu wengi huteleza, kwa hiyo tuelewe vizuri.

Mnamo tarehe 7 Desemba 1944, vita vikuu vya pili vikiwa bado vinaendelea, wajumbe wa nchi nyingi walikutana Chicago, Marekani, wakatia sahihi mkataba wa usafiri wa ndege duniani. Kifungu cha 8 cha mkataba huo kinasema kwamba ndege inayoweza kuruka bila rubani isiruke juu ya nchi nyingine iliyo katika mkataba bila ruhusa maalum ya nchi hiyo. Kenya iliingia katika mkataba huo baada ya Uhuru. Kwa hiyo habari ya ndege isiyo na rubani haikuanza jana. Ilikuwa imeandikwa kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Kwa miaka mingi watu waliokuwa wakirusha vindege vidogo kwa kujifurahisha hawakusumbuliwa sana. Huko Marekani wana chama chao tangu mwaka 1936, na chama hicho ndicho kilichowafundisha adabu: wapi pa kurushia, umbali gani kutoka kwa watu, na nani amkanye mwenzake akizidisha. Mwaka 1981 serikali yao iliwapa ushauri tu, kwamba wasipite futi 400 kwenda juu na wasikaribie viwanja vya ndege bila kutoa taarifa. Ushauri, si faini.

Mambo yalibadilika kamera zilipoanza kupanda juu. Mwezi Oktoba 2011, mtu mmoja alirusha kindege cha povu gumu, lile la kupakia redio mpya kwenye boksi, katika chuo kikuu cha Virginia ili kupiga picha. Serikali ikasema alikirusha ovyo, chini mno na karibu na watu, ikamtoza dola 10,000. Yeye akajibu kwamba kile ni kindege cha mchezo, na sheria za ndege hazikihusu. Mwezi Machi 2014 hakimu alikubaliana naye. Watu wakashangilia. Lakini Novemba mwaka huo huo bodi ya rufaa ilibadilisha uamuzi: kitu chochote kinachotumiwa kuruka angani ni ndege, na anayekirusha kwa uzembe anaweza kuadhibiwa. Januari 2015 kesi ilimalizwa kwa makubaliano, akalipa dola 1,100.

Funzo letu ni hili: udogo wa kitu si kinga, wala jina "toi" si kinga. Sheria inaangalia kitu hicho kinafanya nini angani na kinaweza kumdhuru nani.

Jadilianeni: Je, pikipiki ni ndogo kuliko lori. Kwa nini basi mwenye bodaboda anatakiwa awe na leseni?

SEHEMU YA 3: KENYA TULIFIKAJE HAPA

Anga yetu inasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Angani nchini, yaani KCAA, iliyoanzishwa mwaka 2002. Makao yake makuu yako Nairobi, katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Sheria kubwa inayotumika ni Sheria ya Usafiri wa Angani ya mwaka 2013.

Droni zilipoanza kuingia nchini kwa wingi hakukuwa na kanuni zake. Mwaka 2015 Mamlaka ilitangaza kwamba asirushe mtu bila idhini. Mwaka 2017 kanuni za kwanza ziliandikwa. Lakini mwaka 2018 Bunge lilizifuta, na sababu moja ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa vya kutosha. Hapo nataka vikundi visimame kidogo. Kanuni nzima, iliyoandikwa na wataalamu Nairobi, ilianguka kwa sababu watu wa kawaida hawakuulizwa. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 10, inataja ushiriki wa wananchi kuwa moja ya maadili ya taifa. Kwa hiyo mkisikia mkutano wa maoni umeitwa, iwe ni habari ya maji, ya soko au ya anga, msiseme hiyo ni ya wakubwa. Nendeni.

Kanuni zilizofuata ni za mwaka 2020, katika Tangazo la Kisheria namba 42. Hizo ndizo tunazozisoma leo. Kanuni huweza kurekebishwa, kwa hiyo katibu wa kikundi aombe nakala ya karibuni kutoka kwa Mamlaka kabla ya jambo lolote.

SEHEMU YA 4: KANUNI ZINATAKA NINI

Tuzichukue zile zinazotugusa sisi wa kijijini.

1. Mwenye droni. Awe raia au mkaazi wa Kenya aliyetimiza miaka 18, au kampuni iliyosajiliwa hapa, au serikali ya kitaifa au ya kaunti. Angalieni vizuri: kikundi cha kujisaidia si kampuni. Kwa hiyo ulizeni mapema droni itaandikishwa kwa jina la nani. Ikiandikishwa kwa jina la mwanachama mmoja, basi kumbukumbu za mkutano ziseme wazi kwamba ni mali ya kikundi, na wote watie sahihi. Mmekwisha kuona vikundi vikivunjika kwa sababu ya tanki la maji. Droni inabebwa kwa begi. Inapotea haraka zaidi.

2. Kibali cha kuingiza. Droni ikitoka nje ya nchi inahitaji kibali cha Mamlaka kabla haijafika. Ndugu yenu aliye Qatar au Saudia asiifungie tu kwenye nguo zake akija likizo.

3. Kuandikishwa. Kila droni iwe na usajili wake. Mkinunua iliyotumika kutoka kwa mpiga picha wa mjini, hakikisheni usajili unahama pamoja na droni, kama kitabu cha pikipiki.

4. Urefu wa kwenda juu. Usipite futi 400, yaani kama mita 120. Hiyo ni kama mikaratusi mitatu mirefu ukiipanga mmoja juu ya mwingine.

5. Umbali kutoka kwa watu, nyumba na barabara. Mita 50. Hiyo ni karibu nusu ya urefu wa uwanja wa mpira. Kuirusha juu ya vichwa vya waombolezaji au mashabiki bila idhini ni kosa, hata kama picha itapendeza.

6. Umbali kutoka viwanja vya ndege. Kilomita 10 kwa viwanja vikubwa, kilomita 7 kwa vidogo. Sasa sisi wa Amalemba tujiulize. Amalemba iko mjini Kakamega, na Kakamega ina kiwanja chake cha ndege. Huhitaji kuwa fundi wa ramani kujua kwamba tumo ndani ya duara hilo. Kwa hiyo hata kuijaribu tu nyuma ya nyumba, hapa kwetu, kunahitaji idhini ya Mamlaka kwanza.

7. Uione kwa macho. Anayerusha aione droni yake wakati wote, na airushe mchana. Usiku ni mpaka upate idhini.

8. Heshima ya watu. Usitumie kamera kumpeleleza mtu au boma lake bila ruhusa yake. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, na tangu 2019 tuna Sheria ya Kulinda Data. Bafu nyingi za kwetu hazina paa. Nadhani tumeelewana.

9. Bima. Kuwe na bima ya kulipa mtu mwingine akiumia au mali yake ikiharibika.

10. Kazi ya malipo. Mkitaka kulipwa, ulizeni Mamlaka habari ya leseni ya anayerusha na cheti cha mwendeshaji, na mafunzo yanayotolewa na vyuo vilivyoidhinishwa.

Kanuni pia zinapanga kazi za droni kwa kadiri ya hatari: hatari ndogo, ya kati, na kubwa. Kurusha kidude chepesi juu ya shamba tupu la mahindi si sawa na kurusha juu ya uwanja wa Bukhungu umejaa watu. Na ukienda msitu wa Kakamega, upande wa hifadhi, utahitaji pia ruhusa ya Shirika la Wanyamapori, KWS.

Neno moja kwa wale walio mpakani: ukivuka Malaba au Busia, karatasi za Kenya hazivuki nawe. Uganda ina mamlaka yake na Tanzania ina yake, na kila moja inataka iombwe yenyewe.

SEHEMU YA 5: SHERIA HII INASHIKWA VIPI

Mtu anaweza kusema: "Hao wa KCAA wako Nairobi. Nani atatuona hapa?" Sheria ya anga ina milango minne, na mtu huweza kukamatwa kwenye wowote.

Mlango wa kwanza ni forodha. Mzigo ukipita kwenye mashine uwanja wa ndege, droni inaonekana. Isiyo na kibali inazuiwa. Wageni wengi wa kitalii wameziacha pale na kuzichukua wakirudi kwao. Sisi tunaoishi hapa hatuna siku ya kurudi.

Mlango wa pili ni ofisi. Mamlaka inaweza kukunyima, kukusimamishia au kukufutia kibali. Hapo hakuna pingu wala kelele, lakini biashara imesimama.

Mlango wa tatu ni uwanjani. Mkaguzi wa Mamlaka hawezi kuwa kila kijiji, lakini polisi wako, chifu yuko, na jirani mwenye hasira yuko. Jirani akilalamika kwamba mnaangalia boma lake, askari atakuja. Na swali lake la kwanza litakuwa: "Karatasi ziko wapi?"

Mlango wa nne ni ajali. Huu ndio mbaya. Tarehe 21 Septemba 2017, huko New York, mtu mmoja aliyekuwa akirusha droni kwa kujifurahisha aliipeleka mbali mpaka hakuiona tena kwa macho. Ikagongana na helikopta ya jeshi. Mungu saidia, helikopta ilitua salama, panga lake likiwa limebonyea. Yule mtu wala hakujua kilichotokea. Lakini mota ya droni ilibaki imenasa kwenye helikopta, na mota ina namba. Wachunguzi wakafuata namba mpaka kwa aliyenunua. Alisema hakujua kwamba siku hiyo eneo lile lilikuwa limefungwa kwa ndege ndogo. Lakini kutojua si kinga.

Sasa tulete jambo hilo nyumbani. Ni nani hapa hajaona helikopta ikitua kwenye uwanja wa shule siku ya mazishi ya mtu mkubwa? Mheshimiwa anakuja, vumbi linaruka, watoto wanakimbia kuiangalia. Helikopta inapotua inashuka chini ya hizo futi 400, mahali pale pale ambapo droni ya mpiga picha iko. Rubani hawezi kukiona kidude cha ukubwa wa sahani. Kikiingia kwenye mapanga, waliomo ndani na wale watoto walio chini wote wako hatarini. Familia iliyokuja kuzika mmoja itazika wangapi?

Kwa hiyo shikeni kanuni hii ya kikundi hata kama mna karatasi zote: mkisikia helikopta au ndege, droni ishuke chini mara moja. Msingoje kuambiwa. Na kabla ya sherehe mwulizeni mwenye boma: "Kuna mgeni anayekuja kwa ndege?"

SEHEMU YA 6: ASKARI AKIJA

Sheria ina pande mbili. Inamfunga mwenye kosa, na pia inamfunga anayemkamata. Vijana wetu wajue zote mbili.

Upande wa kwanza, wajibu wenu. Shusheni droni kwa utulivu. Msikimbie, msitupe rimoti kwenye mahindi. Toeni nakala za karatasi. Zile halisi ziwe kwa katibu. Jibuni kwa heshima. Askari ambaye hajawahi kuona kibali cha droni atahitaji kuelezwa polepole, na kelele hazielezi kitu.

Upande wa pili, haki zenu:

(a) Ukikamatwa, Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema uelezwe mara moja, kwa lugha unayoielewa, sababu ya kukamatwa. Una haki ya kunyamaza na haki ya kuwasiliana na wakili. Ufikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, na isipite saa 24. Kama saa hizo zinaishia wakati mahakama imefungwa, basi siku inayofuata ya mahakama.

(b) Droni ikichukuliwa, ombeni iandikwe kwenye kitabu cha matukio cha kituo, na mpewe namba ya OB. Andikeni aina yake, namba yake, betri ngapi, na jina la askari. Kitu kisichoandikwa ni kama hakikuchukuliwa.

(c) Dhamana ya pesa taslimu inatolewa risiti. Faini inalipwa kortini, nayo ina risiti. Pesa inayoombwa kando ya barabara bila risiti si faini. Ni hongo, na anayetoa amekosa sawa na anayepokea. Kikundi kisiwe na sanduku la "kusaidia askari."

(d) Kama kosa ni la Mamlaka yenyewe, kwa mfano imekunyima kibali bila sababu ya haki, Sheria ya 2013 iliweka baraza maalum la kusikiliza malalamiko dhidi ya maamuzi yake. Na Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi uamuzi unapokudhuru.

SEHEMU YA 7: IGIZO FUPI

Wanachama wawili wasome. Mmoja awe Mama Mweka Hazina, mwingine awe Kijana.

KIJANA: Mama, habari ya leo.

MAMA: Nzuri, mwanangu. Nasikia mnataka tutoe pesa za mzunguko mnunue ndege.

KIJANA: Si ndege, Mama. Ni droni tu. Ni kama toi, ila iko na kamera.

MAMA: Toi ya shilingi elfu themanini? Huyo ni mtoto wa nani anayechezea elfu themanini?

KIJANA: (Anacheka) Mama, itarudisha pesa. Disemba kuna harusi karibu kila Jumamosi.

MAMA: Hapo sikatai. Itatoka wapi?

KIJANA: Binamu yangu ako Qatar. Anakuja likizo, ataiweka tu kwa begi.

MAMA: Na kibali cha kuiingiza?

KIJANA: Kwani nani atajua, Mama?

MAMA: Uwanja wa ndege kuna mashine inayoona mpaka sindano. Haya, tuseme imepita. Inaruka kimya?

KIJANA: Hapana, inavuma kama nyuki.

MAMA: Inavuma kama nyuki, watu mia tano wameinua kichwa kuiangalia, na chifu amekaa kiti cha mbele. Halafu unaniuliza nani atajua?

KIJANA: Sasa tufanye nini? Tuache?

MAMA: Nani amesema muache? Mimi nilipotaka kuuza maziwa mjini niliambiwa nitafute kibali. Nilikasirika, lakini nilitafuta. Leo hakuna mtu ananifukuza sokoni. Nendeni muulize Mamlaka, mlete orodha ya ada zote, mafunzo, bima, kila kitu. Tuijumlishe na bei ya droni. Kama bado kuna faida, mimi nitakuwa wa kwanza kuinua mkono.

KIJANA: Na kama hakuna faida?

MAMA: Basi tutakuwa tumejua kabla pesa haijatoka, si baada.

Jadilianeni: Kijana alikosea wapi? Alikuwa na haki wapi? Je, kikundi chetu kina mtu wa kuuliza maswali kama ya Mama huyu?

SEHEMU YA 8: HATUA KABLA YA KUPIGA KURA

Kikundi kisitoe pesa mpaka hatua hizi ziwe zimefanyika na kuandikwa kwenye kumbukumbu:

Hatua ya kwanza. Teueni watu wawili, kijana mmoja na mzee mmoja, waandikie Mamlaka. Wataje aina ya droni, uzito wake, na kazi mnayotaka ifanye. Msitegemee maneno ya mwenye duka wala maandishi ya kwenye boksi. Jibu lenye muhuri ndilo la kutunza.

Hatua ya pili. Andikeni gharama yote: droni, betri za akiba, kibali, usajili, mafunzo, bima, matengenezo. Ada hubadilika, kwa hiyo chukueni orodha ya mwaka huu.

Hatua ya tatu. Amueni nani atarusha. Awe ametimiza miaka 18, awe amefundishwa, na asiwe mlevi. Wengine wasiguse rimoti, hata kama ni mtoto wa mwenyekiti.

Hatua ya nne. Tungeni sheria ndogo za kikundi. Kwa mfano: hatupiti juu ya umati, hatuchukui boma la mtu bila kumwomba, helikopta ikisikika tunashuka, anayevunja analipa na anasimamishwa. Wale warushaji wa vindege wa zamani walijilinda hivyo hivyo, kwa kukanyana wenyewe kabla serikali haijawafikia.

Hatua ya tano. Linganisheni. Kwa pesa hizo hizo mngepata kuku wangapi, au mashine ya kushona, au kukodi mpiga picha mwenye leseni na kugawana naye faida. Njia hii ya mwisho imesaidia vijana wengine kujifunza kazi bila kikundi kubeba mzigo wote.

KUMBUKENI

Watoto wetu wamekuwa wakitengeneza vindege vya mabua na karatasi za plastiki tangu zamani, na wanaruka navyo wakikimbia njiani. Tusiwakataze. Hamu ile ya kuangalia juu ndiyo inayozaa fundi na rubani. Lakini mtoto akikua na kamera ikipanda mahali helikopta inaposhuka, mchezo umegeuka kuwa kazi, na kazi ina kanuni zake. Mwenye kuzifuata analinda pesa za wenzake, analinda jirani yake, na yeye mwenyewe analala nyumbani usiku ule badala ya kulala seli.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja sherehe tatu za kwetu ambapo droni inaweza kuwa hatari. Hatari ni ipi katika kila moja?

2. Kanuni za 2017 zilifutwa mwaka 2018. Sababu moja ilikuwa nini? Kikundi chetu kilihudhuria lini mkutano wa mwisho wa maoni ya wananchi, na tulisema nini?

3. Droni ya kikundi ikiandikishwa kwa jina la mwanachama mmoja, mtafanya nini ili isije ikawa yake peke yake?

4. Askari amechukua droni na kusema, "Leta elfu tano tumalize." Kijana ajibu vipi, kwa heshima na bila kuvunja sheria?

KAZI YA NYUMBANI

Kila mwanachama aulize nyumbani kwake: "Kamera ikipita juu ya boma letu, ungependa uombwe ruhusa kwanza?" Leteni majibu mkutano ujao. Majibu hayo ndiyo yatakuwa mwanzo wa sheria ndogo za kikundi chenu.

Kazi njema.